Vinyama vya utumbo mpana na chakula chetu cha Kusini: maswali na majibu

Fedha za korosho zikiingia, mezani kwa wengi Mtwara na Lindi panabadilika: mbaazi zinasogezwa pembeni, chipsi na soseji zinachukua nafasi. Utumbo nao unaguswa.

Vinyama hivi ni nini hasa?

Ni viuvimbe vidogo vinavyoota kwenye ukuta wa ndani wa utumbo mpana. Madaktari huviita polipu. Vingi havina madhara, ila aina iitwayo adenoma inaweza kugeuka saratani, kwa kawaida baada ya miaka 10 hivi au zaidi. Muda wote huo mtu anaweza asiumwe popote.

Chakula kinahusikaje?

Nyuzinyuzi za mbaazi, kunde, choroko na dona hazimeng'enywi tumboni. Zinafika utumbo mpana, bakteria wanazichachua na kutoa butireti, asidi inayolisha chembe za ukuta wa utumbo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, Wamarekani weusi 20 walilishwa chakula cha kijijini Afrika Kusini, na wanakijiji 20 wa huko wakalishwa cha Kimarekani. Baada ya wiki 2 tu, Wamarekani walikuwa na butireti nyingi zaidi na dalili za ukuta wa utumbo kuwaka na kuvimba zimepungua. Kwa wanakijiji mambo yalikwenda kinyume. Hakuna anayepata saratani kwa wiki 2, lakini utumbo ulishaanza kubadilika.

Nyama je?

Mwaka huohuo wa 2015, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliweka soseji, bekoni na nyama za kopo katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani. Gramu 50 kila siku, kama soseji moja, huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18 hivi. Nyama ya ng'ombe na mbuzi inashukiwa; ile kidogo, ya mara mojamoja, isikutie hofu. Samaki hawamo.

Sisi tunakula muhogo kila siku. Tumesalimika?

Muhogo unashibisha, lakini gramu 100 zilizochemshwa zina nyuzinyuzi kama gramu 2. Mbaazi zilizochemshwa, kiasi hichohicho, zina karibu gramu 7. Mtu mzima anahitaji angalau gramu 25 kwa siku. Kinachoniuma ni kuona mbaazi zote zinapelekwa mnadani, nyumbani hakibaki hata kibaba cha kuunga nazi kwa ugali wa makopa. Bakini na gunia la watoto, jamani.

Nikianza kula vizuri, kinyama nilichonacho kitaisha?

Hapana. Huko Marekani, zaidi ya watu 2,000 waliokwisha kuondolewa adenoma walifuatiliwa kwa miaka 4 hivi. Waliopewa mlo wenye nyuzinyuzi nyingi na mafuta kidogo waliota vinyama vipya sawa na wenzao. Mlo ni kinga ya miaka mingi, tena pamoja na kuacha sigara, kupunguza pombe na kuutumikisha mwili. Kinyama kilichopo huondolewa kwa kipimo cha kamera kinachopitishwa njia ya haja kubwa.

Nikiona damu kwenye choo?

Wengi husema ni bawasiri, wakaanza kuchemsha mizizi. Huenda ni bawasiri kweli, ila kwa macho huwezi kujua. Nenda kituo cha afya, eleza bila haya, omba rufaa ikihitajika. Na kama mzazi au ndugu yako wa tumbo moja aliugua saratani ya utumbo, mwambie daktari hata kama huna dalili yoyote, kwa kuwa vinyama vingi havitoi damu.