Je, wajua kwa nini vibandiko vya matatu viligawanywa kwa bahati nasibu?

Panda matatu ya Malindi kutoka Mombasa, dereva aanze kuovateki malori kabla hata hamjafika Kilifi. Gari nzima imeshika viti na hakuna anayefungua mdomo. Kila mmoja anangoja mwenzake aanze. Wachumi wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown, James Habyarimana na William Jack, walitaka kujua: kibandiko kinachomhimiza abiria amkemee dereva kinaweza kupunguza ajali?

Rahisi ni kwenda stendi, kuwapa vibandiko madereva wanaovitaka, kisha kuhesabu ajali. Lakini dereva anayekubali kubandika maneno ya kumsuta mwenyewe mbele ya abiria wake, aghalabu ni mstaarabu tangu zamani. Wa mbio atakataa. Mwisho wa mwaka utakisifu kibandiko kwa jambo lililoletwa na tabia ya mtu. Kulinganisha mwaka huu na uliopita nako hakusaidii, maana huenda askari wameongezwa barabarani.

Ndiyo maana bahati nasibu iliamua gari lipi lipewe na lipi liachwe. Wapole na wakorofi wakachanganyika pande zote mbili, kwa hiyo tofauti kubwa ikitokea, ni vigumu kuisingizia kitu kingine. Hata dereva aliyepangiwa kibandiko akakikataa alibaki kuhesabiwa kwenye kundi lake. Ukimtoa, umerudi kulekule kwa wastaarabu watupu. Ajali nazo hazikupimwa kwa kuwauliza madereva (nani angesema kweli?) bali kwa madai ya bima. Na ili vibandiko visibanduliwe, madereva waliokutwa navyo waliweza kushinda pesa kwenye droo.

Matokeo ya kwanza, yaliyochapishwa 2011, yalionyesha madai ya bima yakipungua kwa nusu hadi theluthi mbili. Wanasiasa wengi wangeishia hapo, wakaitisha waandishi wa habari. Watafiti walirudia kwa matatu zipatazo 12,000 nchini Kenya, kampeni ikiitwa Zusha!, na safari hii, katika matokeo ya 2015, madai yalipungua kwa asilimia 25 hadi 33. Kwangu mimi, anayepanga sera ashike takwimu hii ya pili. Ni ndogo, ila ndiyo inayoonyesha yanayotokea mpango ukipanuliwa, na kibandiko bado ni rahisi kuliko askari kila kona.

Tuktuk zetu hazikuwamo. Abiria wawili watatu wanaoshuka baada ya dakika chache huenda wasiwe na ujasiri wa gari lililojaa, na hilo litahitaji jaribio lake.