Je, wajua kwa nini siku 21 hazitoshi kukufanya mkimbiaji?

Kwa miaka mingi niliamini, na nikawaambia wenzangu, kwamba jambo lolote ukilifanya siku 21 linageuka tabia. Nilipopakua programu ya kukimbia kwenye simu, niliizungushia duara siku ya 21 kwenye kalenda ya ukutani. Ilipofika ya 22 kengele ililia, na mwili ukawa mzito vilevile kama siku ya kwanza. Nikaona basi, kukimbia si riziki yangu, nikaacha. Kumbe kosa lilikuwa kwenye hesabu.

Namba hiyo asili yake ni Maxwell Maltz, daktari Mmarekani wa upasuaji wa kurekebisha sura. Katika kitabu alichokitoa 1960 alisema wagonjwa wake walihitaji siku zisizopungua 21 hivi kuizoea sura mpya kwenye kioo. Hakupima mazoezi, alieleza aliyoyaona kwa wagonjwa wake. Habari ilivyozidi kupokezanwa, lile neno “zisizopungua” likadondoka njiani, ikabaki 21 tupu, kana kwamba ni sheria ya mwili. Tena angalia tofauti yenyewe: pua mpya haikudai kitu, iko usoni na utaiona kila unaponawa. Kukimbia kunataka uamke, ufunge kamba za raba, ufungue geti na kuingia kwenye baridi ya alfajiri.

Waliokuja kupima ni Phillippa Lally na wenzake wa University College London, katika utafiti uliochapishwa 2010. Watu 96 walichagua kila mmoja jambo moja jipya, mfano kula tunda wakati wa chakula cha mchana, au kukimbia dakika 15 kabla ya chakula cha jioni. Wakatakiwa kulifanya kila siku kwa wiki 12, huku wakijaza maswali ya kuonyesha kama sasa linakuja lenyewe bila kujishauri. Kwa kawaida ilichukua siku 66 hivi. Wa haraka kabisa 18, wa mwisho 254, na hiyo 254 ni makadirio, kwa sababu utafiti wenyewe haukuzidi siku 84. Waliochagua mazoezi walichelewa kuliko waliochagua kula au kunywa.

Ni nini basi kinachojengeka siku zote hizo? Fikiria kiwanja chenye nyasi kati ya nyumba yako na barabara. Siku ya kwanza unapita ukiangalia chini, unachagua pa kukanyaga. Ukipita palepale kila siku, nyasi zinalala, kisha udongo unatokeza, na mwisho miguu inafuata ujia huku wewe unawaza bei ya sukari. Kichwani napo ni hivyo: tukio fulani, tuseme kumaliza swala ya alfajiri, linafungamana na tendo linalolifuata, hadi la kwanza linaliita la pili. Ukikosa siku moja, ujia hauoti nyasi usiku mmoja. Watafiti wale waliona kwamba kukosa mara moja hakukuharibu maendeleo kwa kiasi cha kutisha. Lakini ukipita leo kushoto, kesho kulia, keshokutwa katikati, unaweza kuvuka kiwanja mwaka mzima bila kuacha njia. Ndivyo nilivyokuwa nikifanya, leo asubuhi, kesho jioni, kila simu iliponikumbusha.

Hapo ndipo programu inapohitaji kutazamwa vizuri. Chukua Couch to 5K, yaani “kutoka kwenye kochi hadi kilomita 5”, mpango wa wanaoanza kukimbia ulioanzishwa na Josh Clark 1996. Wiki ya kwanza unakimbia sekunde 60 na kutembea sekunde 90, kwa kupokezana. Wiki ya tisa unakimbia dakika 30 bila kusimama. Kwa mapafu, misuli na kano ni mpango wa busara mno, kwani unapanda polepole na kupumzika katikati. Ila ni mara tatu kwa wiki. Siku 21 zinapokwisha umekimbia mara 9 tu, na mpango mzima ni mara 27. Watu wa London walifanya jambo lao kila siku, kwa hiyo siwezi kuzihamisha namba zao moja kwa moja. Hata hivyo naamini ndiyo sababu wengi humaliza wiki tisa kwa furaha, kisha sauti ya simu ikinyamaza nao wananyamaza. Mwili umeshaweza, lakini ujia bado haujatokeza.

Na arifa? Utafiti mwingine wa London, wa Katarzyna Stawarz na wenzake, 2015, ulionyesha kuwa vikumbusho vya simu viliwasaidia watu kurudia jambo, lakini vikadumaza kule kulifanya bila kufikiri. Ulikuwa wa wiki nne tu na haukuhusu kukimbia, basi nauchukua kwa tahadhari.

Niliporudi kwenye programu nilizima kengele, nikaweka raba kando ya mlango, juu ya kandambili, nisiweze kutoka bila kuzigusa. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, baada ya swala. Mwezi wa tano tangu nirudi, asubuhi moja, nilifika getini kamba zimefungwa, nikapapasa mfukoni: simu nilikuwa nimeiacha kitandani, imezima chaji. Nikafungua geti.