Kamera ya gari isiyowaka yenyewe: yanayosemwa vijiweni na ukweli wake

Siku hizi ukisimama Uyole, Mbeya, kwa dakika chache utaona kamera ndogo nyuma ya kioo cha mbele kwenye magari ya kila aina: Noah za abiria, IST za watu binafsi, malori yanayoelekea Tunduma, mabasi ya Dar es Salaam. Ni jambo jema na ninalitetea kwa moyo wote. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu kumbukumbu za kielektroniki kupokelewa kama ushahidi, na kwenye barabara zetu za milima na ukungu dereva asiye na kosa anahitaji kitu cha kumtetea. Lakini kamera iliyozima haimtetei mtu. Mwenye gari anaiona ipo pale juu, anaamini inarekodi, kumbe ina wiki haijawaka.

Kinachoniuma ni kwamba nyingi ninazoletewa hapa kwa fundi ni nzima kabisa. Ubovu uko kwenye njia ya umeme, kuanzia fyuzi ya gari hadi tundu dogo la kamera. Watu wanatupa kamera au wanakata nyaya kwa maneno ya kijiweni, kabla hata ya kuikagua njia hiyo.

“Haiwaki, basi imekufa”

Hili ndilo ninalolisikia kuliko yote. Kamera haijui kama umezungusha ufunguo. Inachojua ni umeme wa volti 5 kwenye tundu lake: ukifika, inawaka na kuanza kurekodi, ukikatika, inahifadhi faili la mwisho na kuzima. Kwa hiyo isipowaka, swali la kwanza ni kama umeme umefika.

Anza na plagi iliyo kwenye tundu la laita. Nyingi zina kataa, yaani taa ndogo. Kakiwa hakawaki na ufunguo umeshazungushwa, achana na kamera, shida iko nyuma yake. Chomoa plagi, zungusha kikofia cha mbele mpaka kifunguke, na ufanyie kazi hiyo juu ya kitambaa, maana ndani kuna ncha ya chuma, kifyuzi cha kioo na springi, na springi hupenda kuruka chini ya kiti. Kiinue kifyuzi kwenye mwanga. Uzi wa ndani ukiwa umekatika, au kioo kimeingia weusi, tatizo umelipata. Mara nyingi ni cha ampea 2 au 3, na namba imechongwa kwenye kipete cha chuma. Nunua cha namba hiyohiyo. Kuna plagi zisizofunguka, na hizo zikifa hubadilishwa zima.

Kifyuzi kikiwa kizima, hamia kwenye fyuzi boksi ya gari. Kwenye Toyota nyingi mfuniko wake una herufi CIG, na fyuzi yenyewe mara nyingi ni ya ampea 15. Huungua mtu akichomeka chaja mbovu ya simu, au sarafu ikitumbukia kwenye tundu la laita. Zima gari, toa sarafu, weka fyuzi ya ampea zilezile. Nakuomba sana, usiweke ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Fyuzi imewekwa ili iungue yenyewe kabla ya waya, na waya huo umepita nyuma ya dashibodi yote.

Kuna na suala la barabara. Plagi inashikiliwa na springi tu, na gari linalopita njia za vumbi za Ileje au Makete hutikisika kutwa nzima. Plagi inarudi nyuma milimita mbili tatu, mguso unaachia, kamera inazima kimyakimya katikati ya safari. Ukiibonyeza na ikawaka, usifurahi na kuondoka hivyo. Tafuta plagi inayokaza.

“Waya wowote wa simu unafaa”

Dereva mmoja wa Noah aliniletea kamera inayowaka lakini hairekodi, skrini ina picha ya kompyuta.

“Fundi, hii imechanganyikiwa.”

“Kaka, waya wake uko wapi?”

“Ulikatika. Huu ni wa simu.”

“Na unauchomeka wapi?”

“Hapa kwenye redio.”

Hapo hakukuwa na cha kufungua. Waya wa simu wa kawaida una njia za umeme na njia za data. Redio yenye tundu la USB inaitambua kamera kama flashi, na kamera nayo inakubali kuwa flashi, haiwi tena ya kurekodi. Waya unaokuja na kamera mara nyingi umebeba umeme peke yake, ndiyo maana haufanyi hivyo.

Jambo la pili ni nguvu. Tundu la kawaida la USB 2.0 limepangiwa ampea 0.5, wakati kamera yenye jicho la mbele na la nyuma inaweza kutaka ampea 1.5 hadi 2 au zaidi. Matokeo yake unayaona: inaonyesha nembo, inazima, inaonyesha nembo tena, hivyo hivyo mpaka Mafinga. Waya mrefu na mwembamba nao huleta hali hiyohiyo hata kwenye chaja nzuri, kama maji ya bomba yanayopita kwenye mpira mwembamba. Volti 5 zinaondoka kwenye chaja, zinafika pungufu.

Kamera mpya zenye tundu la Taipu-C zina kisa chao. Chaja yenye tundu la Taipu-C haiachii umeme mpaka itambue kuna kifaa upande wa pili, na baadhi ya kamera hazikuwekewa kipande cha kujitambulisha. Ukitumia waya wenye Taipu-C pande zote mbili, kamera hiyo haitawaka hata ukikesha. Tumia waya ambao upande wa chaja una kile kichwa kipana cha USB.

Kama unataka jibu la haraka, ichukue kamera uingie nayo ndani, iunge kwa waya wake wenyewe kwenye chaja ya ukutani ya volti 5, ampea 2. Ikiwaka yenyewe na kuanza kurekodi, usinunue nyingine. Rudi kwenye gari.

“Ina betri ndani, kwa hiyo inajitegemea”

Betri hiyo ni ndogo mno. Kazi yake ni kumalizia faili la mwisho umeme ukikatika na kuitunza saa. Kamera inayowaka kwa dakika chache tu ikichomolewa haina ubovu wowote.

Huku kwetu watu wanailaumu baridi ya Njombe na Makete. Ni kweli baridi ya Juni na Julai inaidhoofisha betri, na asubuhi ya baridi kali kamera inaweza kusitasita. Ila kinachoiua betri ya lithiamu hasa ni joto. Lori likipumzika mchana Ruaha Mbuyuni, vioo vimefungwa na jua linapiga kioo cha mbele, kamera inaokwa pale juu. Jioni linapanda Kitonga na usiku liko kwenye baridi ya Makambako. Baada ya miezi ya maisha hayo betri inavimba. Utaona mfuniko wa kamera umeanza kuachana, au kila asubuhi tarehe imerudi ya kiwandani. Nyingine hukataa kuwaka kabisa hata umeme ukiwepo. Iliyovimba usiendelee kuichaji, itoe garini. Ukinunua nyingine, uliza yenye kapasita, kile kipande kinachotunza umeme kidogo kwa muda mfupi, badala ya betri. Inahimili joto vizuri zaidi.

“Skrini ni nyeusi, haifanyi kazi”

Tazama taa ndogo ya kamera kabla ya kusema. Kamera nyingi zimepangwa kuzima skrini baada ya dakika 1 au 3 huku zikiendelea kurekodi, ili mwanga usimsumbue dereva usiku.

“Inawaka, nikipiga stata inazima: imeharibika”

Hapana. Unapopiga stata gari linakata umeme wa tundu la laita kwa muda mfupi ili nguvu yote iende kwenye stata, kisha unarudi. Kamera nzima huzima na kuwaka tena yenyewe. Ikiganda hapo na kubaki imezima, ipime betri ya gari. Betri nzima ya volti 12 iliyopumzika husoma kama 12.6, na injini ikiunguruma usomaji uwe kati ya 13.8 na 14.4 hivi.

“Fundi ameiunga kwenye fyuzi, hapo imekwisha”

Hapa ndipo nawasihi mafundi wenzangu tuwe makini. Kile kiboksi cha kuungia kamera kwenye fyuzi boksi kina nyaya tatu: wa umeme unaokuja na ufunguo, wa umeme wa kudumu, na wa bodi, yaani unaorudisha umeme kwenye chuma cha gari. Rangi hutofautiana kwa kila mtengenezaji, kwa hiyo soma maandishi yaliyo kwenye waya. Niliwahi kuona kamera iliyokuwa inawaka usiku tu. Waya wa ufunguo ulikuwa umechomekwa kwenye fyuzi ya taa. Shika testa, kifaa cha kupimia umeme: fyuzi unayoitafuta haina umeme ufunguo ukitolewa, na ina umeme mara tu ukiuzungusha hatua ya kwanza, bila kuwasha kitu kingine chochote.

Waya wa bodi ufungwe kwenye bolti ya chuma kitupu. Rangi na kutu havipitishi umeme vizuri. Kiboksi pia kina kiwango cha kukata umeme ili kisiimalize betri ya gari. Ukikipanga volti 12.4 na betri yako ni kuukuu, kitakata muda mfupi baada ya kuegesha, na mwenye gari atasema kamera hailindi gari likiwa limeegeshwa.

Kwenye lori la volti 24, hakikisha kifaa kimeandikwa 12–24V. Cha volti 12 pekee kitaungua. Na usichukue umeme kwenye betri moja kati ya zile mbili ili upate 12. Betri hizo zitaacha kulingana, na zitakufa kabla ya wakati.

“Memori kadi haihusiani na kuwaka”

Inahusiana. Kadi iliyochoka inaweza kuigandisha kamera mwanzoni kabisa, ikajizima na kujiwasha bila kufika popote. Itoe kadi, kisha washa gari. Kamera ikiwaka vizuri na kulalamika tu kwamba haina kadi, umeshajua. Soma pia kiwango cha mwisho inachokubali. Za zamani nyingi huishia GB 32. Ifomati kadi ndani ya kamera yenyewe, si kwenye simu.

“Kamera iliyokuja na gari kutoka Japani ni ya huko, haiwezi kutumika hapa”

Inaweza. Magari mengi ya mtumba huja nayo, na mara nyingi imezima kwa sababu waya ulichomolewa au kukatwa mahali fulani kati ya nguzo ya kioo na fyuzi boksi, au kadi ilitolewa. Fuata waya kabla ya kuing'oa. Ikishawaka, ingia kwenye saa: Japani iko mbele yetu kwa saa 6, na video inayoonyesha ajali ya saa nne asubuhi kuwa ya saa kumi jioni itakupa kazi ya kujieleza kituoni.