Je, wajua kwa nini shibe huchelewa kufika?

Saa saba mchana, Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza. Mbeba mizigo aliyekuwa akipakia magunia ya dagaa tangu alfajiri ameketi kwenye benchi la mama lishe. Haijapita hata dakika kumi, sahani ya ugali wa udaga na sato imebaki miiba mitupu. "Mama, niongezee ugali." Mama anafunika sufuria. "Pumua kwanza, baba. Ukiendelea kuutaka, nakuongezea." Robo saa baadaye jamaa analegeza mkanda tundu moja, hana habari tena na ugali.

Katika hiyo robo saa hakuna kilichoingia tumboni. Kilichoingia ni taarifa, kichwani.

Kutanuka kwa tumbo ni sehemu tu ya taarifa hiyo. Nyingine hutoka utumboni, kwenye seli ziitwazo seli L, ambazo zimejaa zaidi mwisho wa utumbo mwembamba na kwenye utumbo mpana. Zikionja sukari, mafuta au protini, humwaga homoni iitwayo GLP-1. Ni peptidi, yaani mnyororo wa asidi amino, na huu una 30 tu. Cha ajabu, huanza kupanda kwenye damu dakika chache baada ya tonge la kwanza, chakula kikiwa bado mbali na mwisho wa utumbo. Seli chache zilizoko juu huanza kazi, na neva nazo hutuma habari mapema, kama mvuvi wa Ukerewe anavyompigia simu mnunuzi kabla mtumbwi haujatia nanga.

Halafu homoni yenyewe haidumu. Ndani ya dakika kama mbili nusu yake imeshakatwakatwa na kimeng'enya kiitwacho DPP-4. Sasa mjumbe wa dakika mbili anafikaje mwili mzima? Kwa sehemu kubwa, hafiki. Anasema palepale alipozaliwa: huzigusa ncha za neva ya vagasi, ile ndefu inayounganisha matumbo na ubongo, nayo ndiyo hubeba ujumbe. Na kisogoni, chini ya ubongo, ziko seli za neva zinazotengeneza GLP-1 yao wenyewe.

Matokeo yake yanaonekana kila mahali. Tumbo hupunguza kasi ya kusukuma chakula kwenda utumboni, kwa hiyo ugali hukaa. Ubongo hupunguza hamu. Kongosho hutoa zaidi insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, na hapa ndipo penye ustadi: hufanya hivyo pale tu sukari ya damu ikiwa juu. Glukagoni, inayoliamuru ini kutoa sukari, hutulizwa. Mwaka 1964 watafiti walishaonyesha kwamba sukari ya kunywa huamsha insulini nyingi kuliko sukari iliyopitishwa kwenye mshipa. Walijua utumbo unasema kitu, ila msemaji hawakumjua.

Aliyetoa fununu alikuwa samaki. Mwaka 1982, watafiti wa Boston, Marekani, walisoma jeni ya glukagoni ya samaki-mvuvi, yule wa baharini mwenye mdomo mpana na chambo kichwani, wakakuta imebeba pia maagizo ya peptidi nyingine inayofanana na glukagoni. Mwaka uliofuata jamaa zake wakapatikana kwenye jeni ya binadamu, na mmoja wao ndiye GLP-1, ambayo kirefu chake cha Kiingereza humaanisha "peptidi 1 inayofanana na glukagoni". Samaki alichaguliwa kwa sababu rahisi: kwa samaki wengi, seli za insulini na glukagoni hazikutapakaa ndani ya kongosho kama zetu, zimejikusanya vijidonge unavyoweza kuvichomoa kwa mkono.

Dawa za sindano zinazozungumzwa siku hizi, kama semaglutaidi, ni GLP-1 iliyorekebishwa ili kimeng'enya kisiiweze. Badala ya dakika mbili, nusu yake huchukua takriban wiki moja kwisha. Kwa wagonjwa wa kisukari aina ya 2 imepunguza mishtuko ya moyo na kuzorota kwa figo. Kichefuchefu nacho ni cha kawaida, na sishangai: mwili haukuzoea kuambiwa "umeshiba" wiki nzima mfululizo.

Sato naye anavyo vijidonge vile vya seli za insulini. Hapo Mwaloni huondoka na matumbo wakati wa kuparua, ndoo ikamwagwa kando, na korongo walioinamisha vipara vyao wakamaliza kila kitu kabla mama lishe hajasuuza kisu.