Je, ni kweli oili mpya huua gia boksi ya otomatiki?

Wenye gari wa Unguja wana wasia wanaopeana mpaka barazani penye kahawa: gia boksi ya otomatiki ikiwa inakwenda, usiiguse. Na ushahidi wanao. Hukosi kumsikia mtu aliyekuwa na Toyota Noah au IST inayotembea, akaipeleka kubadilishwa oili, na wiki haikwisha ikaanza kuteleza: injini inanguruma, gari haiendi. Sasa ni oili mpya iliyoua?

Mara nyingi hapana, ingawa wasia huo haukuzuka bure.

Gari ya manyuali ina sahani ya klachi iliyo kavu, na dereva ndiye anayeiachia na kuibana kwa mguu. Ndani ya otomatiki mna mafungu ya sahani nyembamba zilizoloa oili, na kinachozibana ni oili yenyewe, ikisukumwa na pampu inayozungushwa na injini. Ndiyo maana mafundi wengi huiita haidroliki. Kulainisha ni sehemu tu ya kazi yake. Hiyo hiyo ndiyo inayobana, ndiyo inayopoza, na ndiyo inayopokea nguvu ya injini ndani ya tokomvata, chombo kilicho baina ya injini na gia boksi, na kuipeleka mbele.

Sahani hizo zimevikwa gamba la msuguano lililo kama karatasi ngumu. Kila gia inapoingia, gamba hulika kidogo na unga wake hubaki ndani ya oili. Gari ikipigwa miaka bila kuguswa, gamba huisha, sili, yaani mipira ya kuzuia oili isivuje, hukakamaa kwa joto, na oili hugeuka nyeusi. Mafundi wengi hueleza kwamba unga ule, kwa uchafu wake, huzisaidia sahani zilizokwisha kushikana. Ukitia oili safi, kilichokuwa kikishika kimemwagwa. Na ukiangalia vizuri, wengi hawaendi gereji mpaka gia ishaanza kuchelewa asubuhi au kupiga teke. Ugonjwa ulikuwepo, lawama ikaiangukia dawa.

Hata hivyo, zipo gia boksi zinazouliwa na ubadilishaji wenyewe, na hapo ndipo pa kukaa macho.

La kwanza ni aina ya oili. Chukua Noah za umbo moja, zile za modeli ya AZR60: za mwanzo zina otomatiki ya gia 4, na za baada ya mabadiliko ya 2004 zina CVT. Nissan X-Trail nayo, ile ya T30 ina otomatiki ya kawaida, lakini T31 iliyotoka 2007 ikaja na CVT. CVT haina gia za kupanda moja baada ya nyengine. Ina mkanda wa chuma unaozunguka kwenye puli mbili na kubanwa nazo, na inataka oili yake maalumu ili chuma kishike chuma. Ukiitia oili ya otomatiki ya kawaida, mkanda huteleza na kuzikwaruza puli, na mkwaruzo huo haufutiki. Kuangalia rangi peke yake hakutoshi. Soma kitabu cha gari, au maandishi ya kwenye stiki, kile kijiti cha kupimia oili.

La pili ni kipimo, na kwa maoni yangu hili linaua zaidi kuliko watu wanavyodhani. Toyota nyingi zenye stiki hupimwa gari ikiwa sawa chini, injini inawaka na imepata moto, baada ya kupitisha mkono wa gia toka P mpaka L na kurudi. Injini ikizimwa, oili iliyokuwa juu hushuka kwenye sampu, karai la oili lililo chini ya gia boksi, na stiki husoma nyingi. Anayepima namna hiyo hujiona amejaza, kumbe amepunja. Pampu ikianza kuvuta hewa, sahani hazibanwi sawasawa na huungua. Honda ni kinyume: nyingi hupimwa mara tu baada ya kuzimwa. Na zipo gari zisizo na stiki kabisa. Hizo hujazwa mpaka oili ichuruzike kwenye nati ya kipimo, ikiwa katika joto lililotajwa na kiwanda.

Visiwani tuna maadui wetu wengine. Gari nyingi hupoza oili ya gia kwa kibomba kilichomo ndani ya rejeta. Ukijaza rejeta maji ya kisima cha pwani, yenye chumvi na chokaa, badala ya kulenti, yale maji maalumu ya rejeta, kibomba huliwa taratibu mpaka kitoboke. Oili na maji vikikutana huwa kama maziwa yaliyotiwa rangi ya waridi, na maji hayo hubandua gamba la sahani. Kupita kwenye madimbwi makubwa ya masika kunaweza kuleta balaa hiyo hiyo kupitia tundu la kupumulia la gia boksi. Na kule ufukweni, gari ikizama mchangani halafu ukaendelea kukanyaga mafuta, nguvu yote hugeuka joto ndani ya tokomvata.

Kabla ya kuamua, chomoa stiki udondoshe tone moja kwenye karatasi nyeupe. Likitanda jekundu au kahawia hafifu, bila harufu ya kuungua, badilisha bila ya khofu. IST ya kwanza hubeba kama lita 6 hadi 7, lakini ukifungua nati ya sampu hutoka kama 3 tu. Nyengine hubaki ndani ya tokomvata. Kwa gari ya umri hilo si baya: mwaga, jaza, tembea wiki chache, kisha rudia, kuliko kuisukuma yote kwa mashine. Sampu ikifunguliwa, angalia sumaku zake. Ute wa kijivu ni kawaida. Vipande vya chuma si kawaida. Lakini tone likibaki jeusi katikati, linanuka kuungua, na gari ishaanza kuteleza, usitegemee oili. Zungumza na fundi habari ya kuifungua gia boksi, au kutafuta nyengine ya mtumba.

Na ikikufia njiani, tuseme baina ya Wete na Chake kule Pemba, usiifunge kamba ikaburutwa mpaka gereji. Injini ikizimwa pampu nayo imelala, na magurudumu yanazungusha vyuma visivyopata oili. IST za kawaida na Noah za AZR60 huvutwa na magurudumu ya mbele, basi hayo ndiyo ya kunyanyuliwa; yenye kuvuta yote manne ipande juu ya gari nyengine mzima mzima.