Elektroni juu ya vichwa vyetu: yanayosemwa na yalivyo

"Ikweta ndiko jua linakopiga utosini, basi ndiko elektroni zinakojaa zaidi." Hili nimelisikia hata kwa walimu wa fizikia, na linaingia akilini. Kweli, jua ndilo linalozing'oa elektroni kwenye atomi za hewa kule ionosfia, kuanzia kilomita 60 hivi kwenda juu. Ila zikishang'oka, zina bwana mwingine: usumaku wa dunia. Mchana, juu ya ikweta ya sumaku, yaani mstari ambapo usumaku wa dunia hulala sambamba na ardhi, nguvu za umeme huzinyanyua mpaka juu sana, kisha huteremka kaskazini na kusini zikifuata mistari ya usumaku, kama maji ya chemchemi. Katikati hubaki bonde la elektroni chache. Vilima viwili vya elektroni nyingi hujitokeza takribani nyuzi 15 kila upande wa ikweta hiyo. Mwanafizikia Mwingereza Edward Appleton aliandika juu ya jambo hili mwaka 1946.

Na ikweta hiyo ya sumaku siyo ile ya Nanyuki. Upande wetu inapita Ethiopia, kwa hiyo kilima cha kusini kinatuangukia sisi wa Kenya na Tanzania, kikisogea huku na huku kadiri jua linavyochachamaa au kupoa katika mzunguko wake wa miaka 11.

"Redio hushika mbali usiku kwa sababu hewa imepoa." Sivyo. Tabaka la chini la ionosfia linalomeza mawimbi ya kati ya redio mchana hutoweka jua likizama. La juu hubaki na kuyarudisha ardhini.

Wengine hudhani usiku ionosfia hulala. Kwetu ndipo vurugu huanza! Kati ya saa moja na saa sita usiku, hasa Machi na Septemba, viputo vyenye elektroni chache huchomoza kutoka chini na kuvuruga mawimbi ya setilaiti. Mpima ardhi anaona setilaiti za GPS zikipotea moja moja kwenye kipokezi chake, nyota zinang'aa, naye analaumu mashine.

"Vipimo vya ionosfia ni vya Ulaya na Marekani tu." Hata kwetu vipo. Mwaka 1967 setilaiti ya San Marco 2 ilirushwa kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi, ikiwa na chombo cha kuchunguza ionosfia. Leo kipokezi cha GPS cha Malindi hulinganisha mawimbi ya setilaiti ya masafa mawili tofauti ili kukadiria elektroni zilizo njiani: kila elektroni trilioni 10,000 kwa mita ya mraba huongeza sentimita 16 kwenye umbali unaopimwa. Ukichora vipimo vya elektroni vya siku moja, mstari hupanda asubuhi, hufika kileleni mnamo saa nane au tisa mchana, hushuka polepole, na giza likiingia, siku za viputo, huanza kukatika-katika.