Je, wajua kwa nini jarida la barua pepe huishia kwenye folda ya taka?

Aliyewahi kuwatumia wanachama jarida la barua pepe anaijua simu hii: "Mbona mwezi huu hamjatuma?" Mmetuma, na limefika. Ila limelala kwenye folda ya taka, ile ambayo wengi huiita spamu, pamoja na wale wanaokupongeza kwa kushinda bahati nasibu usiyoicheza. Hapo mhariri anaanza kutafuta mchawi: pengine ni lile neno "BURE" kwenye kichwa cha habari, pengine picha zilizidi.

"BURE" mara nyingi halina hatia. Vichujio vya Gmail, Yahoo na Outlook huangalia maneno pia, lakini yapo maswali mawili yenye uzito zaidi. Je, mtumaji huyu ndiye kweli anayejiita? Na je, watu anaowaandikia wanamtaka? La kwanza fundi wa kompyuta anaweza kulimaliza mchana mmoja. La pili ndilo linaloyaangusha majarida mengi, na halitatuliwi na fundi.

La kwanza lina historia. Barua pepe husafiri kwa kanuni iitwayo SMTP, iliyoandikwa na Jon Postel mwaka 1982. Enzi hizo mtandao ulikuwa wa vyuo vikuu na taasisi za utafiti, watu wanajuana, na hakuna aliyeona haja ya kumdai mtumaji kitambulisho. Ikawa kama bahasha ya posta: nyuma yake unaweza kuandika jina lolote, hata la Gavana wa Benki Kuu, nayo itapokelewa. Si kwamba usumbufu ulikuwa bado haujazaliwa. Mei 1978 Gary Thuerk, mtu wa masoko wa kampuni ya kompyuta ya DEC huko Marekani, aliwatumia watu karibu 400 wa mtandao wa ARPANET mwaliko wa kwenda kuona mashine mpya. Walimjia juu. Hata hivyo, miaka minne baadaye kanuni ilitoka bila ukaguzi wa mtumaji.

Ukaguzi ulikuja kubandikwa juu yake polepole, kwa vipande vitatu. SPF ni rekodi unayoiweka kwenye DNS, yaani daftari la mtandaoni la anwani, ya kikoa chako (jina linalofuata alama ya @), ikitaja seva, yaani kompyuta za kuhudumia barua, zenye ruhusa ya kutuma barua kwa jina la kikoa hicho. DKIM ni sahihi ya kidijitali: seva inayotuma inatia sahihi kwa ufunguo wa siri, na inayopokea inaikagua kwa ufunguo wa wazi uliowekwa kwenye DNS hiyo hiyo. Maandishi yakichezewa njiani, sahihi inakataa. DMARC, iliyotangazwa mwaka 2012, inavifungamanisha viwili hivyo na anwani ambayo msomaji anaiona kwa macho yake, kisha inamwagiza mpokeaji la kufanya barua ikishindwa mtihani: iache ipite, itupe kwenye taka, au ikatae kabisa.

Kipande hiki cha tatu kiliwahi kuzua kizaazaa. Aprili 2014 Yahoo ilibadili agizo la DMARC la yahoo.com likawa "kataa", ili kuwazuia matapeli waliokuwa wakijifanya wateja wake. Matapeli walibanwa, lakini na watu wema pia. Makundi ya majadiliano ya barua pepe yakavurugika. Wenye majarida waliokuwa wakituma kupitia huduma maalumu huku anwani ya mtumaji ikiishia na yahoo.com wakaona barua zinarudishwa, kwa kuwa seva zilizotuma hazikuwa za Yahoo. Ndiyo maana jarida la SACCOS au la shule kutumwa kwa njia hiyo, kwa anwani ya bure ya Yahoo au Gmail, ni kujitafutia balaa. Nunueni kikoa chenu, kiwe cha .or.tz au .co.ke. Bila hicho hamna pa kuweka rekodi zenu.

Kuna njia ya mkato ambayo kila ofisi inaijua: kubandika anwani 300 kwenye BCC, sehemu ya wapokeaji wasioonekana na wenzao, na kubonyeza tuma. Akaunti ya bure ya Gmail ina kikomo cha wapokeaji 500 kwa siku, na hata kabla hujakifikia, ujumbe mmoja kwa mamia ya watu waliofichwa unafanana mno na kazi ya akaunti iliyodukuliwa. Kutuma kutoka kwenye hosting ya bei nafuu, yaani seva ya kukodi inayobeba tovuti, nako kuna shida yake. Anwani ya IP ya seva hiyo, ile namba inayoitambulisha mtandaoni, huenda mnaitumia pamoja na mamia ya tovuti nyingine. Moja ikidukuliwa na kuanza kumwaga barua taka, IP inaingia kwenye orodha nyeusi kama zile za Spamhaus, shirika lililoanzishwa mwaka 1998, na jarida lenu linaadhibiwa kwa kosa la jirani.

Hadi hivi karibuni mambo haya yalihesabiwa kuwa ya hiari. Februari 2024 Google na Yahoo walifunga mlango. Kwa Gmail, anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku lazima awe na SPF, DKIM na DMARC, na majarida yake yawe na njia ya kujiondoa kwa kubonyeza mara moja. Mei 2025 Microsoft nayo ikaanza kuwadai watumaji wakubwa rekodi hizo tatu kwa anwani za Outlook na Hotmail. Mtumaji mdogo naye hakusamehewa yote: Gmail inamtaka awe na SPF au DKIM, na malalamiko ya wasomaji yasifike asilimia 0.3.

Asilimia 0.3 maana yake ni watu watatu kati ya 1,000. Watatu tu wakibonyeza kitufe cha kuripoti taka, umeshafika mpakani, na Google yenyewe inashauri ubaki chini ya mmoja kati ya 1,000. Hapa tumeingia kwenye swali la pili.

Fikiria jinsi orodha nyingi za wasomaji huku kwetu zinavyopatikana. Kuna semina hotelini, karatasi ya mahudhurio inazunguka: jina, taasisi, simu, barua pepe, sahihi. Mtu anaijaza ili apate nauli yake. Wiki mbili baadaye anaanza kupokea jarida ambalo hakuliomba. Hakumbuki nani aliyeandaa semina, na akikitafuta kiungo cha kujiondoa anakikuta kimefichwa chini kwa herufi za kijivu, au hakipo. Kitufe cha kuripoti taka kiko juu pale pale, kinang'aa. Utamlaumu?

Karatasi hiyo ina madhara mengine. Mwandiko wa haraka unageuza moja kuwa herufi l, na gmail.com inakuwa gmail.con. Kila anwani isiyokuwepo inarudisha barua, na mtumaji ambaye barua zake zinarudi kwa wingi anaonekana kama mtu anayebahatisha anwani. Baya zaidi ni anwani zilizoachwa zamani na wenyewe. Baadhi hufufuliwa na watoa huduma na kuwekwa kama mitego: hakuna binadamu nyuma yake, hivyo barua yoyote inayofika pale inathibitisha kwamba mtumaji hasafishi orodha yake. Orodha za kununua zimejaa mitego ya aina hiyo. Zaidi ya hapo, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 zote zinataka taarifa za mtu zitumike kwa lengo zilizokusanyiwa, na posho ya semina si idhini ya jarida.

Dawa haina uchawi. Mtu akijiandikisha, mtumie kiungo athibitishe mwenyewe. Asiyethibitisha, muache. Kiungo cha kujiondoa kiweke hata juu ya jarida. Mhariri anaumia kuona idadi ikipungua, lakini aliyeondoka kwa hiari hadhuru kitu, ilhali aliyekasirika akaripoti taka anawanyima jarida na wengine. Usinyamaze miezi minane kisha ukaibuka na matoleo matatu wiki moja, kwa sababu watakuwa wamekusahau. Kuhusu wasiofungua, uwe mwangalifu na takwimu. Tangu Septemba 2021 programu ya Mail ya Apple, kwa wanaowasha kinga yake ya faragha, hupakua picha mapema, hivyo jarida huhesabiwa limefunguliwa hata kama msomaji hajaligusa. Mibofyo kwenye viungo na majibu ya wasomaji yanasema kweli zaidi. Na jarida likiangukia kwenye kichupo cha matangazo cha Gmail, tulia. Hapo bado ni ndani ya kikasha.

Kujua umesimama wapi, tuma jarida kwenye anwani yako ya Gmail, lifungue kwenye kompyuta, kisha kwenye menyu ya nukta tatu chagua kuonyesha ujumbe asilia. Juu kabisa utaona SPF, DKIM na DMARC, kila moja na neno PASS au FAIL. Zote zikiwa PASS na bado jarida linakwenda kwenye taka, rudi kwenye orodha. Anza upya na wale wanaobofya na kujibu, wachache kwanza, ukiwaomba waliolikuta kwenye taka walitoe huko, kisha uongeze idadi kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Usidanganyike na asilimia ndogo ya malalamiko kwenye vipimo vya Google vya watumaji: hesabu hiyo inahusu barua zilizofika kikashani, kwa hiyo jarida lililozikwa lote kwenye taka laweza kuonekana safi kabisa. Likianza kufufuka, malalamiko yanaweza kupanda kidogo, kwa kuwa sasa watu wanaliona.